Kila Akifika Masaka Anaomba Maji

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Musoma, nina miaka 31. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Mtaa mzima tunamwita Afande, hata watoto wa chekechea. Alistaafu siku nyingi, sasa anatengeneza baiskeli chini ya mwembe. Mwaka jana nilimpelekea yangu azibe pancha, nikamkuta anabishana na redio. Mtangazaji alikuwa anaeleza jinsi wanajeshi wetu walivyovuka Mto Kagera, naye akamjibu bila kuinua macho: “Mchana? Sisi hatukuvuka mchana.” Tangu siku hiyo napita kwake kila Jumamosi. Nimejaza madaftari mawili na nina rekodi 14 kwenye simu. Nataka kiwe kitabu.

Shida zangu ni hizi. Anasema waliingia Kampala siku ya Pasaka, nami nimesoma kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 15. Nimsahihishe au nimwache? Halafu kila simulizi ikifika Masaka, kule Uganda, anaomba maji ya kunywa. Akishakunywa anaanza habari nyingine kabisa. Nimejaribu mara tatu. Tena mtoto wake mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alinipigia simu kuniuliza kama nataka kumuuza baba yake. Na mkewe anaingilia sana wakati wa kurekodi. Juzi alikatiza mazungumzo akasema wakati wa vita swala walikufa kwa mabomu kule Mwanza, tukacheka sote. Nifanyeje mzee apate nafasi ya kuongea bila kuingiliwa?

Mwalimu, Musoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho, maana hilo ndilo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini.

Swala walikufa kweli. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kupiga matangi ya mafuta Mwanza, kwa sababu Libya ilikuwa upande wa Idi Amin. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, kile kisiwa kidogo unachokiona ukiwa mjini. Waliokufa wakawa swala. Kwa hiyo huyo mama hakuwa anakatiza mazungumzo, alikuwa anatoa ushahidi. Wewe umekaa na mashahidi wawili mwaka mzima, mmoja umemwekea simu, mwingine umemhesabu pamoja na kelele za kuku.

Mtafutie siku yake. Chagua siku ambayo mzee hayupo, au yuko chini ya mwembe na wateja. Muulize alikuwa wapi siku hiyo ya swala, na habari alizipata kwa nani. Muulize alijuaje kwamba mumewe yu hai. Barua zilikuja? Nani alimsomea? Hela ya matumizi ilitoka wapi? Halafu muulize habari za baada ya vita, kwa sababu mzee akirudi nyumbani kitabu chako kitataka kufunga ukurasa, na kwa mama ndipo sura nyingine ilipoanza. Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Mimi nilikuwa msichana, nakumbuka foleni ya sabuni ilivyopinda kona mbili. Miezi 18 ikaisha, mikanda ikabaki palepale. Mume amerudi kutoka vitani na mke anapanga foleni ya sukari saa kumi za alfajiri: hiyo nayo ni habari ya vita, na hakuna afande atakayekusimulia.

Kwa nini nalisemea hili kwa ukali? Kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe, na sikuwa mgeni wa kazi. Nilifanya kazi ya redio miaka 27. Mwaka 1988 nilimrekodi babu yangu mzaa mama, aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, akapigana na Wajapani kule Bama, yaani Burma. Nilipata kaseti tatu. Katika moja alisimulia meli iliyozama na wenzake, iliyoondoka Mombasa ikapigwa baharini, na kwamba wao waliobaki waliambiwa wasiulize. Nilitafuta kwenye vitabu vya shule nikakosa. Nikaamua babu anachanganya mambo, nikakikata kipande kile nilipokuwa naandika. Miaka mingi baadaye, babu kishazikwa, ndipo nikasoma habari za meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Babu hakuchanganya kitu.

Sasa twende kwenye Pasaka yako. Usimsahihishe, na usilibadilishe neno lake kwenye maandishi. Kampala ilitekwa Jumatano ya tarehe 11, ndani ya Wiki Kuu yenyewe. Lakini hiyo ni tarehe ya mji. Tarehe ya mzee ni siku miguu yake ilipofika, na vikosi havikuingia vyote saa moja kama wanafunzi wakiingia darasani. Inawezekana yeye aliingia Jumapili kweli. Inawezekana aliingia Jumatano, na Pasaka ndiyo siku ya kwanza aliyovua viatu. Jumamosi ijayo muulize hivi: “Afande, Pasaka ile ilikukuta umekaa wapi?” Kisha nyamaza. Usimtajie tarehe yako, maana ukishaitaja atakupa tarehe yako, kwa heshima, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Ukimaliza, maneno yake yabaki kama alivyoyasema, na chini ya ukurasa weka mstari mmoja kueleza mji ulitekwa lini. Msomaji ana akili, ataishi na yote mawili.

Vivyo hivyo akikuambia alishuka mkoa wa Ziwa Magharibi, andika Ziwa Magharibi. Ndilo jina alilolikuta. Jina la Kagera mkoa ule ulilipata baada ya vita. Na ukimsikia anasema “Saba Saba”, usikimbilie kuandika habari za maonyesho ya Julai. Ni mizinga yetu ya roketi, iliyowatia kiwewe askari wa Amin. Msamiati huo uorodheshe pembeni, umuulize neno moja moja. Askari akieleza neno, mara nyingi hukumbuka na mtu aliyelisema.

Masaka.

Nimesoma sentensi yako mara nyingi: anaomba maji, anakunywa, anaanza habari nyingine. Umejaribu mara tatu. Tafadhali, ya nne isiwepo. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari 1979, na yaliyoupata mji ule yanajulikana: ulipigwa sana, majengo yakabomolewa, na ndani yake mlikuwa na kisasi cha yale askari wa Amin waliyoyafanya upande wetu wa mto mwishoni mwa 1978. Kwa hiyo kama unachotaka ni habari za Masaka, zipo kwingine. Humhitaji mzee azitoe kifuani akiwa na bisibisi mkononi.

Wewe una kitu ambacho wengine hawana. Una kile kikombe. Kiandike. Andika kwamba simulizi ilifika Masaka, mzee akaomba maji. Kikombe ni cha bati au cha plastiki? Nani aliyaleta? Aliyanywa yote kwa mkupuo au aliyashika tu? Alipoanza tena alianza na nini? Mimi nataka sana kujua hiyo habari nyingine anayokimbilia, kwa sababu mtu akikimbia hachagui njia ovyo. Kama mara zote tatu alikimbilia habari ileile, hapo una jambo, ingawa sikushauri umwambie.

Kuna maswali yanayofungua mlango na yapo yanayoupiga teke. “Uliua watu wangapi?” ni teke, na watu huliuliza bila aibu. Mimi nilimuuliza babu swali hilo siku ya kwanza kabisa, akaniambia ng’ombe hawajanyweshwa, akaondoka. Na ng’ombe walikuwa wameshanyweshwa. Uliza vitu. Viatu vilikuwa vya aina gani, vilikutosha? Nani alipika, na kuni mlipata wapi mvua ikinyesha? Mlitembea kwa miguu hadi Kampala, mzigo mgongoni ulikuwa na nini, na ulikuwa wa kwanza kutupa nini ulipochoka? Mtu akieleza alichotupa ili apate kutembea, utapata vita vyote bila kuvitaja.

Swali jingine ambalo halijawahi kuniangusha kwa watu wa umri ule ni hili: ulikuwa wapi Mwalimu Nyerere alipotangaza kwenye redio kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo? Ilikuwa tarehe 2 Novemba 1978. Kila mtu ana mahali alipokuwa amesimama. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nasukwa. Msusi aliacha kitana kikaning’inia kichwani, akasahau kwamba nina kichwa. Nywele zangu zilibaki zimesukwa nusu kwa wiki nzima, kwa sababu kaka yake alikuwa mgambo na nyumba yao haikukaa sawa tena.

Ikitokea mzee mwenyewe akaanza Masaka, labda mmeshafunga, simu umeshaitia mfukoni, unavaa viatu mlangoni, basi kaa chini. Simu iache mfukoni. Msikilize mpaka mwisho, na usiende nyumbani kuyaandika usiku uleule kama mwizi. Siku nyingine muulize kama yale ya mlangoni yaandikwe. Akikataa, yamekataliwa. Na siku ya mazungumzo mazito usiondoke ghafla. Mrudishe kwenye leo: hii baiskeli ya nani, spoku zimefikia bei gani. Ukiambiwa na mama kwamba tangu mlipoanza mzee anapiga kelele usingizini, simamisha kazi, zungumza na watu wa nyumbani, aonwe na daktari. Kitabu kitasubiri.

Halafu kuna mambo ya jeshi yenyewe. Akisema “hilo siwezi”, usimbembeleze. Aliapa kiapo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ni sheria mpaka leo.

Kuhusu mtoto wake wa Dar es Salaam: usimkasirikie. Angekuwa baba yako, ungepiga simu hiyo na maneno yako yangekuwa makali zaidi. Ila usimjibu kwa maelezo marefu ya nia njema, maana nia njema kila tapeli anayo. Mwombe mzee amweleze yeye mwenyewe. Kisha andikeni karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, mseme rekodi ni za nani, nani atasoma kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, majina gani yatabadilishwa, kikiuzwa hela inagawanywaje, na mzee akitangulia kabla kazi haijaisha nani ataamua. Lile la mwisho linaudhi kulisema mbele ya mtu mzima. Lisemwe. Karatasi isomwe kwa sauti, simu ikirekodi, mzee akiitikia, ibaki nakala nyumbani kwake. Na rekodi zote 14, nakala yake aipate yule mtoto. Mtu mwenye sauti ya baba yake mkononi hana sababu ya kuuliza kama baba ameuzwa.

Majina ya wenzake waliokufa yatakupa kazi. Mashujaa wengi wa vita vile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Mzee akimtaja rafiki aliyeanguka, muulize kama amewahi kufika Kaboya, na kama kwao rafiki huyo wanajua alikufaje. Usitangulie kuwachapia kitabuni jambo ambalo nyumbani kwao halijafika.

Ya mitambo nitayapitia haraka. Simu iwe kwenye hali ya ndege, isije ikalia katikati ya simulizi ya mapigano ya Lukaya. Usiiweke juu ya meza tupu, kila akigonga meza utasikia bomu. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwake. Chini ya mwembe ni pazuri, chini ya bati mvua ikinyesha hapafai kabisa. Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na nani yupo. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, usitume kama ujumbe wa sauti. Weka nakala mahali pawili tofauti, na sehemu ya pili isiwe mfuko wa pili wa suruali ileile.

Kuandika kutoka kwenye sauti kutakuchosha kuliko unavyodhani. Mimi saa moja ya mazungumzo ilikuwa inanila siku nzima ya kazi. Na hapa ndipo mwalimu wa shule ana hatari kubwa kuliko mtu mwingine, mwanangu, kwa sababu kalamu nyekundu iko damuni. Babu yangu alisema: “Miguu ilikuwa imeoza, lakini ilikuwa inakwenda.” Mimi, binti wa redio, niliyefundishwa Kiswahili fasaha, nikaandika: “Tulisumbuliwa na magonjwa ya miguu.” Nilimsomea kurasa kumi za namna hiyo. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza: “Huyu ni nani?” Nikadhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia.

Basi mwandike anavyosema. Akirudia sentensi mara mbili, tazama kwanza kama ya pili ina uzito tofauti. Akichanganya lugha ya kwao, iache, eleza chini. Punguza “aaa” na “yaani”, lakini mpangilio wa kufikiri kwake usiuguse. Kurukaruka kwake ndiko anakokumbukia: kutoka mtoni hadi kwenye ndoa ya dada yake, hadi kwenye buti, hadi Kampala. Ukimpanga kwa tarehe utapata kitabu cha historia, na vya namna hiyo vipo. Tarehe ziweke kwenye ukurasa mmoja mwishoni kwa anayezitaka.

Kabla ya kutafuta mchapishaji au kwenda Bodi ya Huduma za Maktaba kuomba namba ya ISBN, toa nakala tano kwenye duka la fotokopi, zibandikwe mgongo wa plastiki. Moja mpe mzee, moja mama, moja itumwe Dar es Salaam. Kaa umsomee mzee yote, hata kama anajua kusoma. Akiuliza huyu ni nani, unaanza upya.

SWALI: Bibi, baba yetu alifariki 2003. Ameacha kaseti mbili alizojirekodi mwenyewe mwaka 1991 akisimulia maisha yake ya jeshi. Moja ina madoa meupe kwenye mkanda. Jirani ana redio kaseti, lakini huwa inakula mikanda. Nijaribu? Msomaji, Tanga

JIBU: Usijaribu. Redio inayokula mikanda haina heshima kwa marehemu.

Madoa meupe ni ukungu. Kaseti hiyo usiicheze kabisa kwenye mashine yoyote, maana ukungu utahamia kwenye kichwa cha mashine na kuiharibu ile kaseti safi. Itie kwenye bahasha ya karatasi peke yake, mbali na mwenzake, mahali pakavu, hapo Tanga unajua mwenyewe hewa ilivyo, umtafute fundi anayehamisha kaseti za zamani. Ile safi, ingiza kalamu kwenye tundu uzungushe taratibu uone kama mkanda unatembea. Ukikwama, simama. Mashine yenye afya ikipatikana, kichwa chake kifutwe kwanza kwa pamba na spiriti, kaseti ipelekwe mbele hadi mwisho na irudishwe, ndipo ichezwe, sauti ikipita kwa waya moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta. Kushika simu mbele ya spika ni kumrekodi baba pamoja na mbwa wa jirani.

Lakini kuna jambo la leo, kabla hujalala. Kwenye mgongo wa kila kaseti kuna vijimeno viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje kwa ncha ya kisu. Vikishavunjika, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, hata akija mtoto.

Zile kaseti tatu za babu yangu niliziweka kwenye kabati la sebuleni. Mpwa wangu alizirekodia mpira zote. Katika moja, mtangazaji anapovuta pumzi kabla ya kona, zimebaki sekunde chache ambazo babu anakohoa. Vijimeno sikuvivunja.